Perpetua na Felisita: Akina Mama Wawili wa Karthago, na Swali la "Mtoto Je?"



Leo tunakwenda Afrika Kaskazini, katika mji wa Karthago, jirani kabisa na Tunis ya leo nchini Tunisia. Mwaka ni 203. Tutakaa na wanawake wawili. Wa kwanza ni Vibia Perpetua, mwenye miaka kama 22, mke wa mtu, msomi, binti wa ukoo wa heshima, na mama wa mtoto anayenyonya. Wa pili ni Felisita, mtumwa, mjamzito wa miezi minane. Majina yao yamo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ile ndefu, ambayo wengine tukiisikia inaanza tunaangalia saa.

Nawaambia mapema kwamba somo hili lina swali gumu. Nikiwasimulia vijana habari za mashahidi hawa, kabla sijafika mwisho kuna binti atainua mkono: "Frateri, na mtoto je?" Ni swali la haki. Perpetua alihitaji kutupa chembe chache tu za ubani motoni kwa ajili ya Kaisari, halafu arudi nyumbani kunyonyesha. Hakufanya hivyo. Wakati mwingine watu hulijibu swali hilo haraka haraka kwa kusema "alimpenda Mungu zaidi", kisha wanapita. Mimi nadhani jibu hilo ni la kweli lakini ni fupi mno, na kijana mwenye akili halimtoshi. Tutalifikia.

Tunajuaje habari hizi?

Habari nyingi za mashahidi wa kale ziliandikwa miaka mingi baada ya kifo chao, na waandishi waliongeza chumvi. Hii ni tofauti. Perpetua mwenyewe aliandika gerezani. Sehemu kubwa ya maandishi yanayoitwa Mateso ya Perpetua na Felisita ni maneno yake, kwa nafsi ya kwanza: nilifanya hivi, niliogopa hivi, nilimwambia baba hivi. Ni kati ya maandishi ya kale kabisa tuliyo nayo yaliyoandikwa na mwanamke Mkristo. Sehemu nyingine fupi iliandikwa na Saturus, katekista wao. Mwanzo na mwisho viliandikwa na mtu wa tatu ambaye hakutaja jina lake. Wengine wamedhani ni Tertuliano, lakini hakuna uthibitisho, nasi tusipoteze muda hapo.

Daftari la Perpetua linaishia siku moja kabla ya kufa. Anasema kwamba hayo ndiyo aliyoyaandika mpaka jana yake, na kuhusu yatakayotokea uwanjani, anayetaka kuandika na aandike. Basi. Hakuna maneno makubwa ya kuaga.

Afrika Kaskazini waliyapenda sana maandishi haya, hata yakawa yanasomwa kanisani siku ya kumbukumbu yao. Mtakatifu Agustino, aliyekuwa askofu wa Hippo miaka mia mbili hivi baadaye, alihubiri siku hiyo, na hotuba zake kadhaa tunazo hadi leo. Lakini pia alilazimika kumkumbusha mtu mmoja katika mabishano kwamba maandishi haya si Biblia. Ukiona mpaka askofu anakumbusha hivyo, ujue yalikuwa yanaheshimiwa si mchezo.

Walivyokamatwa

Kaisari alikuwa Septimius Severus, naye ni mzaliwa wa Afrika, wa Leptis Magna katika Libya ya leo. Walikamatwa vijana wakatekumeni: Revocatus na mtumwa mwenzake Felisita, Saturninus, Secundulus, na Perpetua. Saturus, aliyewafundisha dini, hakuwepo siku hiyo. Aliposikia, alijisalimisha mwenyewe ili awe pamoja nao.

Hapa niweke sawa jambo moja. Wengi husimulia kwamba Felisita alikuwa mtumwa wa Perpetua, eti bibi na mtumishi wake walikufa pamoja. Inapendeza, lakini maandishi hayasemi hivyo. Yanasema alikuwa mtumwa mwenzake Revocatus. Na tukiacha hivyo hivyo, habari inapendeza zaidi, maana kilichowakutanisha wanawake hawa ni ukatekumeni, wala si umiliki.

Walikuwa bado hawajabatizwa. Wakiwa chini ya ulinzi, ndipo wakabatizwa. Fikiria: mtu anajua kabisa kwamba cheti hicho cha ubatizo ndicho kitakachompeleka kwenye wanyama, na anainamisha kichwa kupokea maji.

Mtungi

Sasa nisameheni kidogo, mimi nimetoka kusoma falsafa, na mahali hapa huwa siwezi kupita bila kusimama.

Baba yake Perpetua alikuja kumsihi aikane imani. Perpetua akamwonyesha chombo kilichokuwa pale chini, tuseme mtungi, akamwuliza kama chombo hicho kinaweza kuitwa kwa jina lingine tofauti na kile kilivyo. Baba akasema hapana. Perpetua akajibu kwamba hata yeye hawezi kujiita kitu kingine ila kile alicho, yaani Mkristo.

Aristotle angepiga makofi. Kitu ni kile kilivyo. Hakiwezi kuwa hivyo na kisiwe hivyo kwa wakati mmoja na kwa namna moja. Lakini angalia Perpetua alivyoitumia kanuni hiyo. Hakusema "nimechagua Ukristo" wala "dini yangu inanikataza". Amesema Mkristo ndivyo alivyo. Sisi leo tumezoea kusema imani kama vazi: leo nimo, kesho sina mudi, Jumapili hii nimechoka. Kwa huyu binti, kusema "mimi si Mkristo" kungekuwa ni uongo, kama kuuita mtungi kiti. Na kumbuka, siku hiyo alikuwa bado hajabatizwa. Tayari alijiita hivyo.

Lakini hoja nzuri haimalizi ugomvi wa nyumbani. Baba alipandwa na hasira, akamrukia kama anayetaka kumng'oa macho. Halafu akaondoka. Perpetua anaandika wazi kwamba siku chache zilizofuata baba alipokuwa mbali, alimshukuru Mungu na kupata nafuu. Napenda ukweli wa mtu huyu. Mwandishi wa baadaye angeifuta sentensi hiyo.

Baba mwenye mvi

Tusimchukie baba huyu. Ukiyasoma maandishi taratibu, utamwona anarudi mara nne, na kila akirudi amevunjika zaidi.

Mara ya pili alikuja kabla ya kesi. Akamsihi azihurumie mvi zake, akamkumbusha jinsi alivyompenda kuliko ndugu zake wote wa kiume, akambusu mikono, akajitupa miguuni pake, na mwishowe akawa anamwita "bibi", kwa neno la heshima ambalo mtu humwita mkubwa wake, badala ya "binti". Mzee wa Kirumi mwenye hadhi, amepiga magoti mbele ya mtoto wake wa kike! Kwa desturi za nyakati zile, hata za kwetu, hilo ni jambo zito.

Mara ya tatu ilikuwa mbele ya hakimu, hadharani, mtoto mchanga mikononi. Msimamizi Hilarianus, aliyekuwa anakaimu nafasi ya gavana aliyefariki, naye akaongezea: ahurumie uzee wa baba, ahurumie utoto wa mtoto, atoe sadaka kwa ajili ya Kaisari. Perpetua akakataa. Akaulizwa kama ni Mkristo, akakubali. Baba alipoendelea kumvuta, Hilarianus akaamuru mzee aangushwe na kupigwa fimbo. Perpetua anasema aliumia kama aliyepigwa yeye, akauonea huruma uzee wake.

Mara ya nne ilikuwa karibu na siku ya michezo. Mzee aling'oa ndevu zake na kujitupa kifudifudi, akiulaani uzee wake.

Je, Perpetua aliivunja amri ya nne? Mtakatifu Toma wa Akwino anauliza swali kama hili katika Summa yake, kama wajibu kwa wazazi unaweza kuwekwa kando kwa ajili ya Mungu. Jibu lake ni kwamba fadhila za kweli hazipingani, ila mzazi akikuvuta uende kinyume cha Mungu, hapo utii haudaiwi. Ona kwamba Perpetua alikataa jambo moja tu. Hakumtukana baba. Hakumdharau. Karibu kila mara anamaliza kwa kusema alimhurumia. Utii ulikoma pale, lakini upendo haukukoma.

Nasema hivi kwa sababu kuna vijana wanaotumia watakatifu kama fimbo ya kuwapigia wazazi. Baba yako akikukataza kwenda mkesha kwa sababu kesho una mtihani, huyo si Hilarianus. Mama akisema umalize kwanza chuo ndipo uingie utawani, huyo hajakuambia umkane Kristo. Baba yangu mwenyewe hakufurahi niliposema nataka seminari. Tulizungumza miezi mingi, na mazungumzo hayo yalinisaidia kuujua wito wangu kuliko mafungo mawili niliyoyafanya mwaka ule.

Mtoto je?

Haya, tulifikie.

Kwanza, tuone alichofanya, maana watu hudhani Perpetua aliingia gerezani akiimba na kumsahau mtoto. Sivyo. Gereza lilikuwa na giza ambalo hajawahi kuliona, joto, msongamano, askari wanaodai rushwa, na anasema juu ya yote aliteswa na wasiwasi wa mtoto. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, walitoa fedha ili wafungwa wapelekwe sehemu yenye nafuu kwa saa chache. (Ndiyo, mashemasi walitoa rushwa. Tusiligeuze kuwa somo la leo.) Pale akamnyonyesha mtoto, ambaye alikuwa amelegea kwa njaa. Akazungumza na mama yake, akamtia moyo kaka yake, akawakabidhi mtoto. Siku nyingi alibaki na uchungu. Baadaye akapata kibali mtoto akae naye gerezani, na mara hiyo akapona, hata gereza likageuka kwake kuwa kama jumba la kifalme, asitake kuwa mahali pengine popote.

Baada ya hukumu, alimtuma shemasi Pomponius kwa baba kumwomba mtoto. Baba akakataa. Perpetua anaandika kwamba Mungu alijalia mtoto asitake tena kunyonya, na maziwa yasimletee maumivu. Jambo hilo dogo la mwili, ambalo mama yeyote aliyewahi kumwachisha mtoto ghafla analielewa, yeye alilipokea kama huruma ya Mungu.

Kwa hiyo mtoto hakutupwa. Alikuwa na bibi, babu na wajomba. Alikuwa na chakula.

Pili, tuulize ni nani aliyemtenga mama na mtoto. Katika falsafa ya maadili tunajifunza kutofautisha kati ya kile ninachokitenda na kile mwingine anachonitenda kwa sababu nimekataa uovu. Perpetua hakuchagua kumwacha mtoto. Alichagua kutosali kwa sanamu. Aliyesema "basi mtoto atakosa mama" ni Hilarianus, na dhambi hiyo ni ya Hilarianus. Sisi tumezoea kumwuliza Perpetua, "Mbona ulimwacha mtoto?" Sijawahi kusikia mtu anamwuliza msimamizi, "Mbona ulimwua mama anayenyonyesha?"

Na kama mtoto angeweza kutumika kununua dhamiri, basi kila mtawala mwovu angehitaji kitu kimoja tu, kumshika mtoto wako. Mzazi asingeweza kusimama katika kweli hata siku moja.

Tatu, na hapa nawaomba muwe makini sana. Wako wahubiri wanaowaambia watu waache kazi, waache familia, wafunge mpaka wafe, wasiwapeleke watoto hospitali, eti ndiyo imani. Wasikudanganye kwa kumtaja Perpetua. Yeye alimlisha mtoto mpaka siku ya mwisho alipoweza. Alimtafutia mahali salama. Hakujiua, wala hakuamua kwamba mtoto wake afe. Kanisa toka mwanzo halikupenda watu wajitafutie mauti: katika habari za Mtakatifu Polikarpo tunaambiwa juu ya Quintus, aliyejipeleka mwenyewe kwa wakuu, kisha alipoona wanyama akaikana imani, na waandishi wakasema wazi kwamba hawawasifu wanaojitoa hivyo. Utaniuliza, na Saturus je? Ni kweli, alijisalimisha. Lakini wanafunzi wake walikuwa tayari ndani. Mimi naona alikwenda kama mchungaji anayewafuata kondoo wake, ingawa nakubali kwamba mpaka ni mwembamba.

Je, swali limekwisha? Kwangu bado linauma. Mtoto yule alikua bila mama. Perpetua mwenyewe hakusema ni jambo jepesi, nami sitasema hivyo kwa niaba yake.

Felisita

Felisita hakuandika kitu. Aliyotuachia yako katika sehemu ya yule mwandishi wa tatu, mistari michache tu. Lakini ukiniuliza, maneno mazito kuliko yote katika habari hii ni yake.

Sheria ilikataza kumwua mwanamke mjamzito. Wengine wote wangefurahi. Felisita alihuzunika, kwa sababu angeachwa nyuma, kisha afe baadaye peke yake katikati ya wahalifu. Wenzake nao walihuzunika kumwacha njiani rafiki mwema namna hiyo. Siku mbili tatu kabla ya michezo wakasali pamoja, na mara uchungu ukamshika. Ulikuwa mwezi wa nane, uzazi wa shida, akalia kwa maumivu.

Mmoja wa walinzi akamdhihaki: ikiwa unalia hivi sasa, utafanyaje ukitupwa kwa wanyama? Felisita akamjibu kwamba maumivu ya sasa anayateseka yeye mwenyewe, lakini kule kutakuwa na mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake, kwa kuwa naye atateseka kwa ajili ya huyo.

Hebu soma tena. Huyu ni mtumwa, hajasoma teolojia, yuko sakafuni mwa gereza katika uchungu wa kuzaa. Jibu lake halisemi kwamba Mkristo hasikii maumivu. Amekiri kwamba anaumia. Hajidai kuwa na nguvu za kesho leo. Neema ya kesho itakuja kesho, pamoja na Mwenye neema. Kijana anayeniambia "Frateri, mimi nikifikiria mateso ya mashahidi najua nisingeweza" huwa namjibu kwa maneno ya Felisita. Hata yeye, siku ile ya kuzaa, hakuwa bado na nguvu za uwanjani.

Akajifungua mtoto wa kike. Dada mmoja Mkristo akamchukua, akamlea kama binti yake. Kwa sheria ya Roma, mtoto wa mtumwa ni mtumwa wa bwana wa mama yake. Huyu akapata nyumba katika jumuiya. Kama unatafuta mtakatifu asiye na jina wa kumwombea mama mlezi, mama mdogo, au shangazi anayelea watoto wasio wake, ndiye huyo dada wa Karthago.

Ndoto, kwa ufupi

Perpetua aliona ndoto nne gerezani. Nitataja mbili, na moja ya Saturus.

Aliona ngazi ya shaba ndefu mpaka mbinguni, nyembamba, pande zote zimefungwa panga, mikuki na ndoana, na chini yake joka. Saturus akapanda kwanza. Perpetua akakikanyaga kichwa cha joka kana kwamba ndicho daraja la kwanza la ngazi, akapanda. Juu akakuta bustani na mzee mwenye mvi, kwa mavazi ya mchungaji, anakamua kondoo. Akampa kipande cha jibini, akakipokea kwa mikono iliyounganishwa, na waliosimama pale wakaitikia Amina. Akaamka bado ana utamu mdomoni. Wanaojua Komunyo watajua anazungumzia nini.

Ya pili ni ya mdogo wake Dinocrates, aliyekufa akiwa na miaka saba kwa kidonda kibaya usoni. Alimwona mahali penye giza, ana kiu, mbele yake birika la maji lenye ukingo mrefu kuliko kimo chake. Perpetua akamwombea usiku na mchana kwa machozi. Baadaye akamwona tena: safi, kidonda kimebaki kovu, ukingo umeshuka, anakunywa, kisha anakwenda kucheza kama watoto wachezavyo. Ndoto si fundisho la imani, na Agustino alilitahadharisha hilo. Lakini kama rafiki yako asiye Mkatoliki atakuambia kuwaombea marehemu kulibuniwa zama za kati, mwambie kuna dada wa Karthago alikuwa anamwombea mdogo wake marehemu mwaka 203.

Saturus naye alijiona amefika mbinguni pamoja na Perpetua, na nje ya lango wakamkuta askofu Optatus upande mmoja na padre Aspasius upande mwingine, wote wana huzuni, wamegombana. Wakajitupa miguuni pa hawa mashahidi kuwaomba wawapatanishe. Malaika wakamwambia Optatus awarekebishe watu wake, maana wanamjia kama watu wanaotoka mashindano ya farasi wakibishania timu. Sisemi zaidi. Wanakwaya na viongozi wa vijana wamenielewa.

Uwanjani

Ilikuwa tarehe 7 Machi, michezo ya kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Geta, mwana wa Kaisari. Secundulus alikuwa amekwisha kufa gerezani. Langoni walitaka kuwavika wanaume kama makuhani wa Saturn na wanawake kama makuhani wa Ceres. Perpetua akakataa katakata: wameutoa uhai wao ili wasifanye jambo kama hilo, hayo ndiyo makubaliano. Mkuu wa askari akakubali.

Wanawake waliandaliwa ng'ombe jike mkali. Wakaletwa wamevuliwa nguo, wamefungwa nyavu, na hata umati uliokuja kuona damu ukashtuka, ukimwona mmoja ni binti mwororo na mwingine ametoka kuzaa, maziwa yanamdondoka. Wakarudishwa kuvikwa kanzu. Perpetua akarushwa, akaangukia kiuno. Akaivuta kanzu iliyopasuka afunike paja. Akatafuta pini abane nywele, kwa kuwa nywele zilizotimka zilikuwa ishara ya matanga, na yeye hakuwa matangani. Halafu akamwona Felisita ameanguka. Akaenda, akampa mkono, akamwinua, wakasimama wawili pamoja.

Binti wa ukoo bora na mtumwa, wote mama, wamesimama bega kwa bega katikati ya uwanja. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya hadhi ya binadamu, na bado narudi hapo.

Perpetua alipelekwa pembeni, akamwambia kaka yake na mkatekumeni mmoja wasimame imara katika imani, wapendane, wala mateso haya yasiwe kwazo kwao. Mwisho wote wakapeana busu la amani, wakapokea upanga kimya kimya. Saturus alikuwa wa kwanza, kama kwenye ngazi. Aliyepewa Perpetua alikuwa mgeni wa kazi, mkono unatetemeka. Pigo la kwanza likagonga mfupa, Perpetua akapiga kelele. Kisha akaushika mwenyewe mkono ule na kuuelekeza shingoni.

Heshima ya Kanisa kwao

Walizikwa Karthago, na juu ya kaburi kukawa na basilika iliyoitwa Basilica Maiorum. Agustino alipenda kuyachezea majina yao mawili, maana Perpetua ni "wa daima" na Felisita ni "heri", ukiyaunganisha unapata heri ya daima, yaani tuzo la mashahidi wote. Huko Ravenna, Italia, katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, wamo katika safu ya wanawake watakatifu waliochorwa kwa vijiwe vya rangi katika karne ya 6.

Yule Geta aliyesherehekewa siku ile aliuawa na kaka yake Caracalla mwaka 211, na jina lake likaamriwa lifutwe kwenye mawe katika dola nzima. Majina ya mashahidi wale yalipatikana yameandikwa kwenye jiwe mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Padre Delattre alipochimba magofu ya basilika moja pale Karthago: Saturus, Saturninus, Revocatus, Secundulus, Felicitas, Perpetua.

Delattre alikuwa Mmisionari wa Afrika, wa wale tuliowaita Mapadre Weupe. Hapa ndipo Karthago inapogusana na sisi. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa askofu mkuu wa Algiers na baadaye wa Karthago pia. Ndiye aliyetuma msafara wa kwanza mwaka 1878 kupitia pwani yetu kuelekea Tabora, Ujiji na Uganda. Papa Paulo VI alipowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja mashahidi wa kale wa Afrika, wa Karthago wakiwemo, na kuwaweka vijana wa Namugongo katika orodha hiyo hiyo.

Kuhusu tarehe, kuna kisa kidogo. Toma wa Akwino naye alifariki tarehe 7 Machi, mwaka 1274, na alipowekwa kwenye kalenda aliwafunika hawa akina mama. Papa Pius X akawapa tarehe 6 mwaka 1908. Mwaka 1969 Toma akahamishiwa 28 Januari, nao wakarudishiwa tarehe yao. Mimi ni mwanafunzi wa Toma, lakini kwa hili nawapa haki akina mama.

Tarehe 7 Machi mara nyingi huangukia Kwaresima, na kumbukumbu za watakatifu siku hizo hupunguzwa. Kwa hiyo ukienda Misa siku hiyo ukamkuta padre amevaa zambarau na amesali tu sala moja ya kuwakumbuka, usidhani amesahau. Akina Felista, Felisita na Perpetua wote wanaosoma hapa, siku hiyo ni ya somo wenu. Mwombeni padre wa parokia, kwa adabu, atumie Sala ya Ekaristi ya Kwanza, na msikilize majina baada ya mageuzo: Felisita, Perpetua, Agata, Lusia, Agnesi, Sesilia, Anastasia. Mtumwa ndiye anayetajwa kwanza.